Samli Juu ya Dhahabu

Kama umekula wali wa harusi mjini Bariadi miaka hii ya karibuni, MC Shigela umemsikia. Ndiye yule mwembamba mwenye sauti nene, anayeweza kuwafanya mashangazi wa pande mbili zisizoelewana wacheze mduara mmoja kabla soda hazijafunguliwa. Maneno hayajawahi kumpungukia. Mama mkwe akichelewa, ana neno. Keki ikianguka, ana neno. Umeme ukikatika, anaendelea kuongea bila kipaza sauti mpaka jenereta liwake, na watu wanacheka tu.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja, nao ni saa. Si hizi saa za vijana, mabati makubwa yanayong'aa kama sufuria mpya, yenye namba za kupimia kina cha bahari, kana kwamba mtu wa Bariadi kesho asubuhi ana safari ya kuzama baharini. Hizo alizidharau waziwazi. Alichokipenda Shigela ni saa za zamani za dhahabu, zile za kuvaliwa na suti: nyembamba, bapa, zenye mkanda wa ngozi, mishale miwili na vijistari badala ya namba. Saa isiyojigamba. Unanyoosha mkono kumsalimia mkwe, inachungulia kidogo kwenye ukingo wa shati, kisha inarudi ndani. Aliyeiona ameiona. Haina betri wala tarehe wala taa, na kila asubuhi lazima mwenyewe uitie ufunguo, maana usipoijali inasimama.

Wenzake walipotazama mpira kwenye simu, yeye alitazama saa. Ukikaa naye muda wa kutosha atakueleza kwamba dhahabu ya kweli haipigi kelele. Ina wekundu kwa mbali, imetulia, na ukiishika mkononi inakuwa nzito kuliko macho yalivyodhani. Alijua haya yote kwa kusoma, kwa sababu katika maisha yake alikuwa amewahi kushika saa moja tu ya namna hiyo. Ilikuwa ya babu yake, kule Lingeka.

Babu huyo, Mzee Shigela, ndiye aliyemwachia jina. Enzi zake alikuwa mnyapara kwenye kinu cha pamba, na mwenye kinu alipofunga virago kuhama nchi alivua saa mkononi akampa. Mzee hakusoma saa hata siku moja, jua lilimtosha. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua zizi, aliitia ufunguo, na siku za mnada au za kwenda kuposa aliivaa. Kazi yake kubwa ilikuwa nyingine. Mtoto yeyote akilia pale nyumbani, mzee alimwita, akamwekea saa sikioni, akasema, "Haya, sikiliza. Basi, nyamaza." Na mtoto alinyamaza. Shigela alinyamazishwa hivyo mara nyingi mno, na nadhani ugonjwa wake ulianzia hapo.

Mzee alipofariki, bibi Milembe aliitoa saa kwenye mkanda uliooza, akaiweka ndani ya kibuyu kidogo chenye kifuniko, akaipaka samli. Tangu hapo ile haikuwa saa tena. Ilikuwa mumewe. Mtu akisafiri mbali, mjukuu akitaka kuoa, mvua ikichelewa, bibi alitoa kibuyu, akaipakata saa kiganjani, akaongea nayo, akaipaka samli mpya juu ya ile ya zamani na kuirudisha. Shigela alipoona jambo hilo akiwa mtu mzima, anayejua sasa saa za dhahabu ni kitu gani, moyo ulimuuma. Samli imeingia mpaka kwenye vioo! Mashine ya Uswisi imegeuzwa mlo wa sisimizi! Alirudi mjini akinung'unika kama mtu aliyeona ndugu yake amefungwa bila kosa.

Hapo ndipo shetani hupata kiti cha kukalia. Shigela hakujiambia kwamba anataka kuiba. Alijiambia kwamba ile saa inakufa, na kwamba bibi, ambaye macho yake yamefunikwa na ukungu wa uzee, anachohitaji ni kitu cha kupakata tu. Akaenda Mwanza, akatafuta mpaka akapata saa ya umbo lilelile, ya bati lililopitishwa kwenye maji ya dhahabu. Akaitoa mkanda. Akanunua samli sokoni, na siku nzima ya Ijumaa Kuu, wakati Wakristo wenzake wako kwenye Njia ya Msalaba, yeye alikaa chumbani akiipaka saa bandia samli kwa kidole gumba, akiifuta, akiipaka tena, ili inuke kama ya bibi.

Maana Pasaka ile ilikuwa na jambo. Bibi Milembe, baada ya miaka mingi ya kusindikiza wajukuu mpaka mlango wa kanisa na kurudi, alikuwa ameamua kubatizwa. Hakuamua kwa pupa. Kabula, binamu yake Shigela anayeishi na bibi, alisema bibi alikwenda kwanza kwenye kaburi la mumewe, kando ya zizi, na kibuyu cha maziwa, akamwomba ruhusa. Akakaa pale mpaka akaridhika kwamba amekubaliwa. Ndipo akaenda kwa katekista.

Akabatizwa Anna, na sherehe ilikuwa kubwa. MC, bila shaka, alikuwa mjukuu wake wa mjini. Shigela alitangaza, akaimbisha, akawapigisha watu vigelegele mpaka kuku wakahama uwanjani. "Bibi harusi wetu wa leo!" alimwita, na bibi akacheka akifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Kisha ngoma zilipokolea aliweka kipaza sauti chini, akaingia chumbani kwa bibi kama mtu anayetafuta maji ya kunywa, akafungua kibuyu. Alipotoka alishika tena kipaza sauti na kuendelea palepale alipoishia. Hakuna aliyegundua lolote, na yeye mwenyewe aliona ajabu jinsi ilivyokuwa rahisi.

Fundi saa wa Bariadi aliifungua, akaisafisha kwa petroli, akapiga mluzi wa mshangao alipoona alama ya dhahabu ndani ya kifuniko. Shigela akaitia mkanda wa kahawia. Ilipoanza kutembea aliiweka sikioni, na naapa mtu yule alitokwa machozi. Ikawa sasa harusini anaongea kwa mkono wa kushoto ulioinuliwa kidogo. Wazee wa mjini, wanaojua vitu, walimshika kifundo cha mkono na kukigeuza kwenye mwanga.

"Hii umeitoa wapi, MC?"

"Ya babu. Aliniachia."

Alikuwa akilisema hilo kwa macho makavu, mara nyingi kiasi kwamba lilianza kuonekana kweli. Si ana jina lake? Basi.

Pamba ilipokuwa inavunwa, Kabula alipiga simu. Shigela alikuwa ukumbini akijaribu spika.

"Kaka, bibi hali chakula."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Hali tu. Na kanisani haendi tena, rozari ameitundika kwenye msumari. Anasema babu ameondoka."

Shigela akacheka. "Ameondoka kwenda wapi tena, Kabula?"

"Usicheke. Anasema saa imekuwa nyepesi. Siku ile ya ubatizo, watu walipoondoka, aliitoa amshukuru babu, akaiona nyepesi. Akajua babu amekasirika kwa sababu ya maji ya padri, ametoka ndani ya saa. Alikaa nalo moyoni, hakumwambia mtu mpaka juzi. Baba mkubwa Masalu amesema pamba ikishauzwa ukoo ukutane, bibi aombe radhi. Na wewe lazima uje, kaka. Wewe ndiye mwenye jina."

Shigela alisema, "Nitakuja." Akakata simu, akatazama mkono wake. Saa ilikuwa inatembea vizuri, haina habari na mtu. Akaivua akaitia mfukoni, na jioni ile aliiendesha harusi ya watu vibaya mpaka bwana harusi mwenyewe akamuuliza kama ana malaria.

Sikia, hapa ndipo pa kumhukumu mtu. Kuiba aliiba kwa tamaa, na tamaa tunaijua sote. Lakini tangu siku ile ya simu alijua kwamba bibi yake, mwanamke aliyemlea, ananyong'onyea kwa ajili ya kosa ambalo hakulifanya. Kwamba ameacha Mungu wake mpya na amepoteza mume wake wa zamani kwa wakati mmoja, na dawa ya yote hayo iko kwenye mfuko wa suruali. Angeweza kupiga simu palepale. Alishika simu, akaiweka. Aliandaa sentensi akiwa anaoga, akaandaa nyingine akiwa anakula, na kila moja ilipofika kwenye neno "niliiba" ilimkaukia mdomoni. Nani atamwita tena kushika kipaza sauti ndani ya ukoo? Baba mkubwa Masalu atasemaje? Ikatokea kama kawaida ya waoga: badala ya kuungama, akatafuta ujanja. Atairudisha kimyakimya. Bibi ataikuta nzito, atafurahi, na mambo yamekwisha.

Alifika Lingeka jua likiwa bado juu. Njiani alikuwa ameitoa saa mkanda, akaipaka samli, na kwa makusudi hakuwa ameitia ufunguo ili iwe imesimama kama ilivyokuwa. Alijiona amefikiria kila kitu. Akamkuta bibi amekaa ukutani kwenye kivuli, amekonda, shingo imebaki mishipa.

"Mwadila, mayu," Shigela akasalimia, ameinama, mkono wa kushoto umekamata wa kulia kwa heshima.

"Mwadila, mume wangu," bibi akajibu. Ndivyo alivyomwita tangu alipozaliwa, kwa sababu ya jina. Zamani alilisema kwa kicheko, akimtania kwamba hamletei kanga. Safari hii hakucheka. Alimtazama kwa yale macho yenye ukungu kama anayetaka kumwuliza jambo na anaogopa jibu.

Shigela akauliza kwa sauti ya kawaida kibuyu kiko wapi, akaambiwa hakipo ndani. Masalu alikuwa ameshakipeleka kaburini. Kwa desturi ya kaya yao, kitu cha marehemu hulala juu ya kaburi usiku mmoja kabla ya kuombwa radhi, na wazee hukaa na moto hatua chache pembeni mpaka kunakucha. Hakuna anayekisogelea. Ujanja wa kwanza ukafa hivyo. Shigela alilala na saa kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo, na usingizi wenyewe haukuja.

Asubuhi ilikuwa na baridi ile ya kipupwe inayofanya ng'ombe watoe mvuke puani. Ukoo ulikusanyika kando ya zizi, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, kanga mpaka kichwani. Masalu, mtoto wa kwanza wa marehemu, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu, akamwonyesha Shigela kigoda kilichowekwa mbele ya kaburi.

"Kaa hapo. Leo wewe si mwanangu. Leo wewe ni baba."

Shigela alijua desturi hiyo, lakini kuijua na kuikalia ni mambo mawili. Mwenye jina ndiye anayekaa mahali pa marehemu. Ndiye anayeombwa, na ndiye anayejibu. Akakaa. Masalu akamwaga maziwa, akataja majina ya waliotangulia mmoja mmoja, kisha akasema, "Mama ana neno na mumewe. Akishapokewa, ameniambia, saa hii haitarudi kwenye kibuyu. Amezeeka. Itakwenda kwa mwenye jina, aivae kama baba alivyoivaa."

Watu wakaguna kwa kuridhia. Shigela akahisi damu inampanda usoni. Kumbe ilikuwa yake! Ilikuwa yake tangu zamani, ilikuwa inangoja tu mkono wa bibi uchoke. Angekuwa amevumilia, angepewa mchana kweupe, mbele ya ukoo, kwa vigelegele. Alikuwa amejiibia mwenyewe. Lakini palepale, nami sifichi kwamba mtu huyu hakuwa mwema, wazo la pili likafuata mbio: basi kila kitu kitanyooka. Aibadilishe sasa hivi, bibi aikute nzito, ampe. Atarudi Bariadi na saa yake, halali tupu, na ule uongo wa "babu aliniachia" utakuwa kweli.

Ndipo bibi Milembe akaja. Kabula alimshika mkono mpaka mbele ya kigoda, kisha akamwachia. Na yule mama mzee, magoti yake yakilia, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya mjukuu wake.

"Mume wangu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini pale zizini palikuwa kimya. "Niliona umenikubalia. Nilikuja na maziwa, nikakaa hapa, nikaona moyo wangu umetulia, nikasema amekubali. Kumbe nilijisikiliza mwenyewe. Nilitaka ule ubatizo, basi nikajidanganya kwamba na wewe unautaka. Umeondoka, una haki. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kama ni maji ya padri, nimeacha kwenda. Kama ni jina Anna, sitaitikia tena. Rudi tu, bhabha. Nisife nikiwa nimekufukuza."

Akainamisha kichwa mpaka kilemba kikagusa miguu ya Shigela.

Wako watu waliolia pale. Shigela hakulia, alikuwa amekauka. Alitamani kumwinua na mikono ikakataa. Maneno yote aliyokuwa nayo duniani, ya keki, ya wakwe, ya jenereta, hayakumsaidia kwa herufi moja. Aibu iliyomshika ilikuwa ya mwilini kabisa, ilimchoma masikio. Bibi yake anamwomba msamaha kwa sababu yeye ni mwizi.

"Mpe mkononi," Masalu alisema, akimsogezea kibuyu.

Shigela akafungua kifuniko. Na pale pale, huku aibu ile imemjaa, vidole vyake vilifanya alichokuwa amepanga. Alijikohoza, akageuka kidogo kama anayefuta jasho, na saa ya bati ikaingia mkononi mwa koti huku ile ya kweli ikitoka mfuko wa shati. Hakuna aliyeona. Akaiweka kwenye kiganja cha bibi.

Bibi akafunga vidole. Akaipima, juu, chini. Uso wake wote ukafunguka.

"Nzito," alisema. "Ni nzito! Amerudi!"

Vigelegele! Wanawake walirukaruka, Masalu akatupa fimbo, mtu akaanza wimbo wa zamani na wote wakaudaka. Kabula alimkumbatia aliyekuwa karibu naye. Na bibi Milembe akabaki amepiga magoti, anacheka na kutikisa kichwa, akipitisha kidole gumba juu ya saa kama alivyoipitisha miaka yote, kuisambaza samli.

Kidole kikasimama.

Kibuyu kilikuwa kimelala nje juu ya jiwe, usiku wa baridi kiasi kwamba maziwa kwenye vyombo yaliota utando. Samli ya humo ilikuwa imeganda, ngumu na nyeupe. Kila mtu pale aliweza kuiona kwenye mdomo wa kibuyu. Lakini samli iliyokuwa kwenye kiganja cha bibi ilikuwa maji. Ilipita katikati ya vidole vyake na kumtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Na saa yenyewe ilikuwa na joto la mwili wa mtu.

Aliigusisha shavuni. Kisha akainua uso, akamtazama Shigela kutoka pale chini, na kicheko kikamfifia usoni taratibu.

"Samli imeyeyuka," alisema kwa sauti ya kusikika na mmoja tu.

Macho ya Shigela yakashuka kwenye mfuko wa shati.

"Kwa hiyo hakuondoka." Bibi aliibana saa kiganjani. "Hakunikasirikia. Alikubali."

"Alikubali, bibi."

Bibi akafumba macho. Shigela aliuona mzigo ukimtoka mabegani, na aliona pia kitu kingine kikikaa mahali pake. Akangoja amtaje. Ukoo mzima ulikuwa pale. Neno moja tu la bibi lingetosha. Lakini Milembe alinyoosha mkono wake, kiganja juu, saa ikiwa imelala ndani ya samli iliyoyeyuka, na akasema kwa sauti kubwa ili wote wasikie:

"Haya. Nilisema nitampa mwenye jina. Chukua, mume wangu. Ni yako."

Wimbo ukashuka ili watu waone. Mkono wa bibi ulikuwa bado umenyooshwa. Alikuwa anajua, na alikuwa anampa. Alichotakiwa kufanya Shigela ni kuichukua tu na kusema asante, wabeja. Ile dhahabu ilikuwa inameta kwenye jua la kwanza, nzuri kuliko alivyopata kuiona, na hakuna kitu duniani alichowahi kukitaka kama alivyoitaka saa ile dakika ile. Hilo ndilo lililomtisha. Kwamba hata sasa, hata bibi akiwa amepiga magoti vumbini, bado anaitaka.

Akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti naye.

"Babu hakuondoka," alisema. Sauti yake ya harusini haikuwepo. Ilitoka sauti ya mtoto. "Mimi niliiba. Siku ya ubatizo. Niliweka hii." Akaitoa saa ya bati mkononi mwa koti na kuiweka chini. "Babu hakumkasirikia mtu. Bibi hana kosa lolote. Ni mimi, nimeivaa Bariadi, nimewaambia watu aliniachia. Na sasa hivi nimeibadilisha tena mbele yenu, ili mnipe."

Masalu aliokota fimbo yake, na watu walidhani atampiga, hakumpiga. Alitema mate pembeni, akasema, "Nimekuita baba," akaenda zake upande wa ng'ombe. Hilo lilimuuma Shigela kuliko fimbo. Wanaume wakamfuata mmoja mmoja. Wanawake walimwinua bibi, wakampangusa vumbi magotini, na kila aliyepita karibu na Shigela alipita kwa kumzunguka kama anayeruka dimbwi.

Hakufukuzwa. Aliletewa matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, na maziwa kama wengine, akala peke yake. Mchana bibi alimwita. Alikuwa amekaa na Kabula, saa iko mapajani juu ya kitambaa.

"Mfundishe Kabula kuiamsha," alisema. "Umeshaisafisha, isilale tena."

Shigela akamwonyesha Kabula jinsi ya kukishika kifundo kidogo pembeni, kukizungusha polepole, na kuacha kinapoanza kukataa. Kabula hakumtazama usoni. Saa ikaanza kutembea. Bibi akauliza kama samli inaidhuru, Shigela akasema ndiyo, inaidhuru kidogo, na bibi akafikiri.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningeacha kuipaka."

Alipoaga, aliinama akamshika mikono. "Nenda salama, Shigela," bibi akamwambia. Akabaki ameinama, anangoja lile jina jingine, lile la utani. Halikuja.

Ile ya bati aliiokota mwenyewe, maana kuku walikuwa wameanza kuidonoa. Ndiyo anayoivaa sasa. Imeshaanza kuchujuka pembeni, bati linaonekana, na wazee wa Bariadi wanamshika mkono na kuuliza iko wapi ile ya babu. Anawajibu kwamba iko kwa bibi, kwamba hakuwa ameachiwa, na kwamba aliichukua. Wengine wanacheka wakidhani ni utani wa MC. Anawaambia tena mpaka wanaacha kucheka. Harusi mbili tayari zimemtafuta mtu mwingine.

Jumapili moja, baada ya misa, simu ya Kabula iliingia. Shigela akapokea haraka.

"Bibi anataka kuongea na wewe," Kabula alisema. "Ametoka kanisani sasa hivi."

Kukawa na kukwaruzana kwa kanga, kisha pumzi ya bibi.

"Shigela."

"Naam, bibi. Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Kabula anasema ulipiga juzi, ukawa unalia tu."

Shigela akasimama katikati ya chumba, simu sikioni, na machozi yakaanza upya, mtu mzima mwenye koti la harusi begani. Alisikia bibi anamwambia Kabula kitu, akasikia simu inasogezwa. Halafu pumzi ikaisha, na mahali pake pakaja mlio mdogo, mkavu, usio na haraka, ulioanza kumnyamazisha kabla hajajua jina lake mwenyewe.

"Haya, sikiliza," sauti ya bibi ilisema kwa mbali. "Basi, nyamaza."

Alisikiliza. Kunyamaza hakuweza.